Kifaru, lori au manowari: sarafu gani ya vyombo vya kivita vya Sovieti uanze nayo

Ukiandika tu "sarafu ya T-34", kile kifaru maarufu cha Sovieti, kwenye mitandao ya kuuziana vitu unaletewa mzigo wa picha mpaka unachoka, nyingine bei ya soda mbili, nyingine bei ya simu janja, zote zinang'aa, zote zina kifaru kimetoa mdomo wa mzinga kama kinakuja kwako, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ni adimu. Mtu mgeni hapo anafanya nini? Ananunua inayong'aa zaidi. Alafu baadae ndo anagundua kwamba alichonunua wala sio sarafu.

Kwaiyo nimeamua niziweke pamoja zile ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipata, nizilinganishe, na niseme wazi ninayoipenda na ambayo naona ni kupoteza hela. Sitagusa kila toleo duniani maana ni mengi mno, nitachukua makundi matano tu yanayotosha kukupa picha: sarafu za Sovieti wenyewe zenye ile meli Aurora, ruble 3 za miaka ya tisini, ruble 2 za mwaka 2000, ruble 25 za wabunifu wa silaha, na zile dola za silva za visiwa vya Pasifiki. Njiani nitaigusa kidogo na ruble 5 ya 2014.

Kabla sijaingia ndani, swali ambalo huwa naulizwa, mtu wa Dar au Mombasa vifaru vya Warusi vinamhusu nini? Mbona vinatuhusu. Wazee waliokuwepo vita ya Kagera 1978 na 1979 wanaijua BM-21, lile lori la Kisovieti lenye mabomba 40 ya roketi mgongoni, upande wa Uganda wakaipa jina Saba Saba, na jeshi la Amin nalo lilikuwa na vifaru vya Kisovieti aina ya T-55. Vyombo hivi vimepita kwenye udongo wetu. Sema ukitaka sarafu yenye BM-21 utasubiri sana, watengenezaji wa sarafu wanaipenda Vita ya Pili ya Dunia kuliko kitu kingine chochote, na kwenye hiyo vita wanaipenda T-34.

Kwanza ujue sarafu ni ipi na pambo ni lipi

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Sarafu ya kweli ina vitu vitatu, jina la nchi au benki iliyoitoa, thamani yake (ruble 2, dola 1, kopeki 20, kopeki ndo senti ya ruble) na mwaka. Ukikuta kiduara kina kifaru upande mmoja na nyota nyekundu upande wa pili, hakuna thamani, hakuna benki, kimeandikwa tu kwamba kimepakwa dhahabu, hiyo ni medali ya mapambo. Hakuna ubaya kuinunua ukiipenda, weka mezani, mpe mtoto achezee, lakini usiilipie bei ya sarafu na usitegemee kuna mkusanyaji ataitaka kesho. Zipo nyingi sana na huwa zinapigwa picha vizuri kuliko sarafu zenyewe, mtihani kwelikweli.

Sovieti wenyewe hawakuwa na haraka na vifaru

Hili linawashangaza wengi. Unategemea nchi iliyotoa vifaru kama utitiri ingevijaza kwenye sarafu zake. Wapi. Angalia ruble zao tatu za ushindi zinazojulikana. Ya 1965, miaka 20 ya ushindi, ina yule askari wa sanamu ya Treptower Park kule Berlin kambeba mtoto, upanga mkononi. Ya 1975 ina ile sanamu kubwa ya mama kule Volgograd. Ya 1985 nayo hakuna kifaru. Ni sanamu, nyota na majani ya ushindi. Lenin anatokea kila kona.

Chombo cha kivita kilichopata heshima kweli ni meli. Mwaka 1967, mapinduzi yakitimiza miaka 50, walitoa seti ya sarafu za kutumika kabisa, na ile ya kopeki 20 ikawekwa manowari Aurora. Hii ndo meli iliyopiga ule mzinga mtupu usiku wa mapinduzi mwaka 1917, mpaka leo imefungwa pale St. Petersburg kama makumbusho. Alafu 1987, miaka 70, wakaiweka tena kwenye ruble 1, safari hii kwenye sarafu kubwa ya milimita 31 ya shaba na nikeli, meli ikiwa mbele na tufe la dunia nyuma yake.

Aurora ina kahadithi kengine ambako sarafu haikasemi ila mimi nakapenda. Kabla ya mapinduzi, ikiwa bado meli ya mfalme wa Urusi, ilikuwa kwenye ule msafara wa majeshi ya majini uliozunguka Afrika kwenda kupigana na Wajapani Tsushima mwaka 1905, na msafara huo ulikaa miezi kama miwili Nosy Be, Madagascar, ukila joto letu hili hili la Bahari ya Hindi. Kwaiyo hiyo meli kwenye kopeki 20 imeshawahi kuwa jirani yetu.

Tukilinganisha hizi mbili, ile ya kopeki 20 ni ndogo, imechakaa mara nyingi kwa sababu watu waliitumia, mistari ya meli inakuwa imelala, lakini ni pesa iliyonunua mkate kweli. Ruble ya 1987 ni kubwa, picha inaonekana vizuri, hali yake mara nyingi nzuri maana watu waliiweka. Zote bei chee. Mimi nachukua ya kopeki 20 iliyochakaa kidogo, ila kama macho yako sio mazuri au unataka kuiweka kwenye fremu chukua ruble. Na kama umekuja kwa ajili ya vifaru tu, hizi ziruke usonge mbele, hakuna mtu atakulaumu.

Ruble 3 za 1993: nzito, za bei nafuu, na bado watu wanazidharau

Umoja wa Kisovieti umevunjika, Benki ya Urusi ndo inaanza kutoa mfululizo wa ruble 3 za shaba na nikeli kuadhimisha miaka 50 ya kila tukio kubwa la vita. Stalingrad, Kursk, Kiev, Leningrad, Sevastopol, Normandy, Prague, Vienna, Königsberg na kuendelea mpaka 1995. Milimita 33, uzito gramu 14 na kidogo, ukiishika unasikia umeshika kitu.

Ya mpenda vifaru hapo ni ya Kursk ya mwaka 1993. Vita ya Kursk ilianza tarehe 5 Julai 1943 ikaenda mpaka Agosti 23, na ndani yake ndo kuna lile pambano la Prokhorovka la Julai 12 linalotajwa kila ukisikia habari ya vita kubwa za vifaru. Kwaiyo kifaru kwenye sarafu hiyo kina haki yake, hakikuwekwa tu ili kuuza.

Uzuri wake: uzito, ukubwa, bei. Ubaya wake: uchoraji wa miaka ile ni wa kishujaa sana, wanaume wenye mataya ya mraba wanatazama mbele, kila kitu kimebanana, kifaru hakipati nafasi ya kupumua. Na kuna jambo la hali ya sarafu, zilitoka za aina mbili, za kawaida na zile zilizopigwa kwa ung'avu wa kioo, sasa wauzaji wengine wanaziuza za kawaida kwa bei ya zile za kioo. Omba picha ya pembeni yenye mwanga, ya kioo uwanja wake unakuwa mweusi kama maji ya kisima na picha inakuwa nyeupe ya ukungu, ya kawaida inang'aa sawasawa kote.

Kingine, mwaka huo ruble ilikuwa inashuka thamani kila siku kule Urusi, mfumuko wa bei ulikuwa umewala, kwaiyo hizi ruble 3 hakuna aliyezitumia dukani. Zilitoka benki zikaenda moja kwa moja kwenye droo za wakusanyaji. Kwangu hilo linazipunguzia utamu, wewe unaweza usijali.

Ruble 2 za mwaka 2000: hapa ndo nakaa

Mwaka 2000, miaka 55 ya ushindi, Benki ya Urusi ilitoa ruble 2 saba za miji shujaa: Leningrad, Stalingrad, Moscow, Tula, Smolensk, Murmansk na Novorossiysk. Kila mji milioni 10. Milimita 23, gramu 5 hivi. Zikaingia mtaani, watu wakalipia basi, wakarudishiwa chenji, mpaka leo unazikuta zimechakaa vizuri ile ya kutumika.

Ndogo eeh, lakini angalia jinsi zilivyochorwa. Ya Stalingrad ina askari wanashambulia na kifaru, nyuma jengo lililobomolewa. Ya Smolensk ina lori la askari na mzinga. Ya Tula wala haina gari, ni wafanyakazi wa kiwandani kwenye mizinga, Tula ni mji wa silaha toka enzi za wafalme. Novorossiysk askari wa majini wanashuka. Murmansk meli. Ukiziweka saba pamoja unaona vita nzima, sio kifaru peke yake kinachojidai.

Ila ninayoipenda kuliko zote humu, na nasema hivi nikijua kuna wapenda vifaru watanicheka, ni ya Leningrad, na haina kifaru hata kimoja. Ina malori.

Ngoja nieleze. Leningrad ilizingirwa na Wajerumani toka tarehe 8 Septemba 1941 mpaka Januari 27, 1944, siku 872. Watu walikufa njaa kwa malaki. Upande pekee uliobaki wazi ulikuwa ziwa Ladoga, na baridi ilipoingia ziwa likaganda, wakaanza kupitisha malori juu ya barafu. Tarehe 22 Novemba 1941 msafara wa kwanza wa malori ukavuka. Ndo ile njia waliyoiita Barabara ya Uzima. Gari lenyewe lilikuwa GAZ-AA, lori dogo la tani moja na nusu lililotengenezwa kwa leseni ya Ford, gari la kubebea mahindi kabisa sio la vita, halina deraya, halina mzinga, na barafu inaweza ikapasuka wakati wowote, madereva wakawa wanaendesha milango ikiwa wazi ili gari likizama waruke, na hapo ni baridi ya kuua, na juu ndege za Wajerumani zinapiga.

Sasa sarafu ya milimita 23 inakuonyesha huo msafara. Malori yanakuja kwenye mstari, barafu, basi. Hakuna uso wa shujaa, hakuna bendera. Nimeangalia sarafu nyingi za silva za bei mbaya zenye vifaru vya rangi na hakuna hata moja inayonikamata kama hii ya bei ya soda.

Kwa upande wa kununua: ndo rahisi kuliko zote, seti nzima ya saba inauzwa pamoja, na ukitaka moja moja tafuta kwa Kirusi, andika "2 рубля 2000 Ленинград" utapata picha nyingi na wauzaji wengi zaidi kuliko ukiandika lugha nyingine. Herufi za kiwanda nazo zipo, ММД ni Moscow na СПМД ni St. Petersburg, kila mji una kiwanda chake kimoja, kwaiyo Leningrad na Stalingrad utaziona na СПМД, Moscow na Tula na ММД. Mtu akikuuzia Leningrad ya ММД kwa bei ya maajabu, mwache nayo.

Kuna ndugu zake wawili wa baadae, Kerch na Sevastopol za 2017, milioni 5 kila moja. Usidhani ni zile zile. Ruble ya kawaida ilishabadilishwa madini toka 2009, hizi ni chuma kilichopakwa nikeli. Chukua sumaku ya spika mbovu, za 2000 hazinasi, za 2017 zinanasa. Sumaku hiyo hiyo itakusaidia na zile ruble 5 za 2014.

Hizo ruble 5 nazo niziseme haraka. Miaka 70 ya ushindi, aina 18, kila moja ya operesheni moja ya vita, milioni 2 kila moja, chuma na nikeli, milimita 25. Kuna ya Kursk tena, ya Berlin, ya Vienna, ya Prague, ya Budapest, majina yote ya jiografia ya Ulaya Mashariki. Picha ni nyembamba, haijainuka juu ya uso wa sarafu, chuma kinapata kutu ukiishika na jasho. Kwa mtu anayependa kujaza albamu nafasi 18 ziishe ni raha, kwa mtu anayetaka sarafu moja nzuri yenye chombo cha kivita asihangaike.

Ruble 25 ya Koshkin: kifaru na mwenye kifaru

Mwaka 2019 na 2020 Benki ya Urusi ilitoa mfululizo wa ruble 25 wa silaha za ushindi, ila kila sarafu ni ya mbunifu, mtu aliyechora hiyo silaha. Yupo Ilyushin wa ndege, yupo Degtyaryov na Shpagin wa bunduki, yupo Kotin wa vifaru vizito. Na yupo Mikhail Koshkin, baba wa T-34. Shaba na nikeli, milimita 27, gramu 10.

Hili wazo ni zuri sana kwa kweli. Maana T-34 kila mtu anaijua, Koshkin nani anamjua? Huyu bwana alikuwa anaongoza ofisi ya ubunifu wa vifaru kwenye kiwanda cha Kharkov. Wakubwa walikuwa na wasiwasi na gari lake, basi Machi 1940 akaondoka Kharkov na vifaru viwili vya majaribio akavipeleka Moscow kwa njia yao wenyewe, kwenye theluji, ili viongozi wavione. Vikafika. Ila safari ile ilimpiga, akapata nimonia, na Septemba 26, 1940 akafariki akiwa na miaka 41. Wajerumani waliivamia Sovieti Juni 1941. Hakuwahi kuona gari lake likipigana hata siku moja.

Sasa unaishika sarafu yenye sura yake na kifaru chake, unajua hiyo habari, inakuwa kitu kingine.

Tatizo langu na mfululizo huu ni uchoraji. Kuweka sura ya mtu na chombo chake kwenye duara moja ni kazi ngumu, kimoja lazima kimeze mwenzake, na mara nyingi sura inashinda. Kwenye zile za wabunifu wa bunduki inakwenda, bunduki ni ndefu nyembamba inalala chini. Kifaru kinataka nafasi. Ukilinganisha na dola ya silva ambayo kifaru kimepewa uwanja wote, Koshkin anapoteza kwa picha, anashinda kwa habari. Bei yake iko katikati, sio ya soda, sio ya simu.

Dola za silva za Tuvalu na Niue: zinang'aa, tuongee ukweli

Hizi ndo zinazowavuta wengi. Kiwanda cha Perth kule Australia mwaka 2010 kilitoa kwa jina la Tuvalu mfululizo wa vifaru vya Vita ya Pili, T-34 ikiwemo pamoja na wenzake kina Tiger wa Mjerumani na Sherman wa Mmarekani, silva safi aunsi moja, kifaru kimepakwa rangi. Na Wacheki nao kiwanda chao kimetoa kwa jina la Niue mfululizo wa magari ya deraya wenye T-34/76, silva aunsi moja vile vile.

Tuvalu ni visiwa vya watu kama elfu 11 katikati ya Pasifiki, haina jeshi. Niue watu wake hawafiki elfu 2, nayo haina jeshi. Upande mmoja malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, upande mwingine kifaru cha Stalin. Ukilitafakari sana utacheka. Hii ni biashara tu, kisiwa kinapata ada kwa jina lake kutumika, kiwanda kinapata kuandika "dola 1" ili kitu kiitwe sarafu, na mkusanyaji anapata boksi la mbao au la kadibodi gumu na cheti chenye namba. Sisemi ni utapeli, ni halali kabisa na kazi ni safi mno, kuliko za Benki ya Urusi zote nilizotaja. Ila hakuna mvuvi wa Tuvalu aliyewahi kununua samaki kwa kifaru cha rangi.

Faida zake ni mbili za kweli. Kwanza kuna silva ndani, gramu 31.1, kwaiyo hata watu wote wakiacha kupenda vifaru kesho bado una madini. Pili, ni zawadi nzuri, ukimpa mzee wako mstaafu wa jeshi anafungua boksi anaona kifaru kinang'aa, hapo ruble 2 iliyochakaa haiwezi kushindana.

Hasara: unalipa juu ya bei ya silva, wakati mwingine mara mbili au zaidi, na siku ya kuuza yule anayenunua kwa uzito atakupa bei ya uzito tu. Boksi na cheti havipimwi kwenye mizani. Kama lengo lako ni kuweka akiba ya silva nunua silva ya kawaida ya bei ya chini, usilipie kifaru. Kama lengo lako ni kifaru, haya.

Na kama unakwenda na silva basi kuwa mkali kwenye uchoraji, maana hapo picha ndo kitu unacholipia. T-34 ina magurudumu makubwa matano kila upande, yahesabu. Alafu kuna toleo mbili za kuzijua, T-34 ya kwanza yenye mzinga wa milimita 76 na T-34-85 yenye mzinga wa milimita 85 iliyoanza kuingia vitani 1944. Ya 85 ina kichwa kikubwa na juu yake kuna kikuba cha kamanda, mzinga mrefu. Ya 76 ya kati kati ya vita ina kichwa kidogo chenye mifuniko miwili ya duara juu, ikifunguliwa yote inasimama kama masikio ya panya wa katuni, Wajerumani walikuwa wanaiita hivyo hivyo Mickey Mouse. Sasa ukikuta sarafu au medali imeandikwa Kursk 1943 na kifaru ni cha kichwa kikubwa cha 85, mchoraji alikopi picha ya kwanza aliyoiona, siku ya Kursk hicho kifaru kilikuwa hakijazaliwa. Kwa bei ya pambo unavumilia. Kwa bei ya silva, hapana, rudisha.

Kwaiyo uchukue ipi

Ukiniuliza mimi kwa mtu anayeanza, chukua seti ya ruble 2 za 2000. Saba, zote, hela kidogo, kuna kifaru, kuna lori, kuna meli, kuna mzinga, na ni pesa zilizozunguka mikononi mwa watu. Ukibanwa kabisa chukua Leningrad peke yake.

Ukiwa na hela kidogo zaidi ongeza Koshkin. Hizo mbili pamoja zinakaa vizuri kwenye meza moja, lori lisilo na deraya na mtu aliyechora deraya. Ruble 3 ya Kursk naiweka ya tatu, na hapo napingana na wakusanyaji wengi wanaoisukuma chini kabisa, wanasema ni ya miaka mibaya, mimi nasema gramu 14 za shaba na nikeli kwa bei ile usilalamike.

Silva ya Tuvalu au ya Niue mwisho, isipokuwa ni zawadi, kama ni zawadi inaruka inakuwa ya kwanza. Aurora ni ya mtu anayetaka kitu kilichotoka kwa Sovieti wenyewe, sio kwa watu wanaowakumbuka, na hilo ni kundi tofauti la wakusanyaji, wana kiburi chao na wana haki nacho.

Mambo ya kununua na kutunza

Kununua moja kwa moja kutoka Urusi sa hivi ni shughuli, toka Machi 2022 Visa na Mastercard zilisimamisha kazi zao kule, kadi yako haitapita. Tafuta wauzaji wa Ujerumani, Poland, nchi za Baltiki au Ucheki, ruble 2 zimejaa huko kwa bei nzuri. Omba atume kwa usajili na bima, sio bahasha ya kawaida, sarafu kwenye bahasha inasikika kwa vidole na njia ni ndefu. Mwambie aandike bei halisi kwenye karatasi ya forodha, maana akiandika zawadi na ndani kuna silva utaanza maelezo yasiyoisha kaunta. Ruble 2 nyingi zikija pamoja gharama ya posta inagawanyika, ndo maana nasema seti.

Zikifika, usizisafishe. Usisugue na dawa ya meno, usitumie limao, usitumie brasso, hata kama imechafuka, mkusanyaji anaona mikwaruzo ya kusugua toka mbali na bei inaanguka hapo hapo. Shika ukingoni tu. Silva ya kioo ibaki kwenye kapsuli yake, alama ya kidole ikikaa haitoki.

Kwa sisi wa pwani, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, hewa ya chumvi ni adui mkubwa kuliko mwizi. Zile ruble 5 za chuma ndo zinaanza kutoa kutu, silva inageuka rangi ya njano alafu nyeusi. Usiweke kwenye vile vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali, vinatoa ute wa kijani baada ya muda, tumia kapsuli ngumu au vile vikadi vya karatasi vyenye dirisha. Vile vipakti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, tia viwili kwenye kopo la sarafu, funga vizuri, ukae nalo chumbani sio jikoni, na kila baada ya miezi michache vibadilishe maana vikishashiba maji havifanyi kazi tena.